Goti Lililosifiwa Msikitini

14 Februari

Mvua imerudi, kuanzia saa tatu hadi saa tano. Marehemu baba alikuwa na desturi yake: mvua za Februari zikirudi anafungua daftari, na kila siku mpaka Mei anaandika kama imenyesha au haikunyesha, maana paa la duka letu la vitambaa hapa mtaa wa Asiatique lilivuja na alitaka kujua lini ahamishe majora. Paa nimelibadilisha, desturi nimeibakiza. Tofauti ni kwamba baba aliandika mvua tu. Mimi Yaseen mdomo wangu hauna breki, na kalamu imeniiga.

Mke wangu Wafa ana mimba ya miezi saba, ya kwanza katika miaka sita ya ndoa. Anatafuna barafu mchana kutwa na kusema ni mtoto anayeiomba. Kila nikilitazama lile tumbo nashangaa upya.

16 Februari

Mvua kidogo. Haja ndogo inanichoma. Nitaongeza maji.

18 Februari

Hakuna mvua. Kesho tunafunga.

Kabla ya mwezi mtukufu niandike jambo moja nilimalize. Mwishoni mwa Januari, Wafa alipokwenda kwa mama yake, mtaa wa Kinindo, kupumzika wiki mbili, nilikwenda Ruziba kula mukeke, samaki wa ziwa letu, kwa Nella, mwenye kibanda karibu na maji. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu sikufuata samaki. Nimetubu, nimeandika, ukurasa nimeufunga.

20 Februari

Mvua jioni. Macho yangu mekundu. Wafa anasema ni moshi wa sambusa.

22 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nimeamka goti la kulia limevimba, lina joto. Sikuanguka, sikujigonga popote. Jana nilipanda ngazi ya ghala na kushuka na jora begani. Leo kushuka kitandani kumekuwa kazi.

23 Februari

Mvua. Goti. Macho. Haja ndogo ile ile, na sasa inanipeleka chooni kila mara.

25 Februari

Mvua kubwa, maji yamejaa barabarani.

Jana kwenye tarawehe nilishindwa kukunja mguu. Nikakaa upande, nimeunyoosha mbele, nikaona aibu. Tulipomaliza akanifuata ami Obeid, mkuu wa msikiti wetu na rafiki wa marehemu baba. Ana miaka sabini na tano, sauti ndogo, na hapitwi na kitu.

"Mwanangu, hii goti uliiumiza wapi?"

"Sijue, ami. Iliamka tu hivi."

"Iliamka tu." Akanitazama usoni. "Na hii macho?"

"Pia sijue."

"Na mi nakuona, kila rakaa nne unatoka, unaenda kutawadha upya." Akanishika bega. "Basi, usiseme kitu. Mambo ya mutu na Mola wake mi siulizi."

Nilikuwa ninatoka kwenda kukojoa. Nilifungua mdomo nimwambie, akawa ameshaondoka.

26 Februari

Mvua. Nimekuta kiti safu ya mbele, cha mbao, kina mto. Watu walinipisha nikapita kama bwana harusi. Kwa maoni ya ami Obeid, goti limevimba kwa kusujudu, macho yamewiva kwa kulia mbele ya Mola wakati wengine wamelala, na udhu ninaufanya upya kwa uchaji. Vitu vitatu, na kila kimoja kimepata maelezo mazuri kuliko nilivyostahili katika maisha yangu yote.

28 Februari

Mvua usiku kucha, nimeambiwa. Baada ya sala ami Obeid amewaambia watu kwamba kuna kijana wetu mmoja mwili wake wenyewe unashuhudia ibada yake. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, kiti kilikuwa kimoja tu.

Wafa alisimuliwa na wanawake kabla sijafika nyumbani. Akaniwekea miguu juu ya mto na kunikanda goti kwa mafuta ya habasoda. "Mi nililala kando yako miaka sita, sikujua ni mutu gani," akasema. Nikamsogezea mguu vizuri. Goti lilipata nafuu kidogo mikononi mwake.

2 Machi

Mvua. Jirani yetu Khadidja ameleta chupa ya maji niisomee, mama yake ana pumu. Nimeisomea. Niandike vizuri ili nisije nikakataa baadaye: nimesoma Faatiha juu ya maji ya mgonjwa na watu wakiniangalia, na nilijisikia vizuri.

4 Machi

Hakuna mvua. Chupa tatu.

Na kuna jambo baya zaidi. Nimeanza kuamini. Leo nikiwa kitini nilijiuliza: kwani haiwezekani? Nilitubu kweli. Huenda Mola amenipokea na hii ndiyo alama yake. Machozi yakanitoka, na yakachoma, maana macho yenyewe ni mabovu.

7 Machi

Mvua. Kisigino cha kushoto nacho kimeanza. Dukani nimeteleza, nikabaki chini kati ya majora mpaka mteja akaniinua. Wafa amepata habari.

"Hata watu ya Mungu wanatibiwaka," akasema. "Kesho kutwa unaenda kwa dokta, na usinijibu."

9 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Nimekwenda kliniki moja mtaa wa Mutanga Nord, maana kule hakuna mtu wa msikiti wetu. Nilitegemea mzee wa kiume. Nimemkuta Dokta Irène, mwanamke mfupi mwenye msalaba mdogo shingoni, hajafika hata miaka arobaini.

Aliangalia goti, halafu macho, halafu akabonyeza kisigino nikaruka. Akaweka mikono mezani.

"Papa, na wakati unaenda kukojoa, inachoma?"

Sikuwa nimemwambia habari za kukojoa. Nilihisi kwamba anaiona Januari yangu yote.

"Kidogo," nikasema.

"Ilianza mbele, kabla goti ivimbe, ao nyuma?"

"Mbele."

"Wiki mbili, tatu kabla ya ile, ulilala na mutu mwengine asiyekuwa bibi yako?"

Miaka yote nimeishi katika mji huu ambapo maneno kama hayo yanazungushwa mpaka yanasahau yalikokuwa yanakwenda. Yeye aliuliza kama anayeuliza saa. Nikamjibu kwa kichwa.

Akanichoma sindano gotini akavuta maji ya manjano, mazito kidogo, yamejaa bomba zima. Yakaenda labo, na mkojo pia. Nilitoka nikichechemea kidogo kuliko nilivyoingia.

10 Machi

Mvua. Naandika polepole ili nisikosee alichosema.

Kuna vijidudu vinaitwa klamidia, vinapatikana kwa kulala na mtu. Viko kwenye mkojo wangu. Kwenye maji ya goti hawakukuta kitu chochote. Nikamwambia basi goti halihusiki.

"Inahusika sana," akasema. "Sikiliza. Mwizi aliingia huku chini. Mwili ikatuma askari. Sasa wale askari wakakasirika, wakapanda mpaka kwa goti, mpaka kwa macho, mpaka kwa kisigino, wanapiga milango ya nyumba mwenye mwizi hayuko. Si watu wote inawafikia hivi. We ilikufikia."

Nilidhani mwili wangu una vyumba, na chumba cha Ruziba nimekifunga kwa ufunguo. Kumbe hauna mlango hata mmoja ndani. Kilichofanyika kwa nusu saa kando ya ziwa kimepanda kikakaa gotini, nami nikakipeleka safu ya mbele kikapewa mto. Sikuwahi kumwogopa Mola pale kitini kama nilivyomwogopa kwenye kile chumba kidogo chenye harufu ya dawa.

Amenipa vidonge vya siku saba. Nikataka kuuliza kuhusu saumu, yeye akawahi: "Moja wakati munafuturu, moja wakati ya daku. Hii ya maumivu, usimeze na tumbo wazi. Goti inaweza kukawia miezi." Kisha akauliza, "Na bibi yako?"

"Hana kitu. Ni muzima."

"Wanawake wengi hawasikiake kitu. Muko na watoto?"

"Iko na mimba. Miezi nane kasoro."

Akaiweka kalamu chini. Akaniambia kwamba mtoto akipita mahali penye vijidudu hivyo, vinaweza kumshika macho. Siku ya tano, ya kumi, macho yanavimba, yanatoa usaha. Vinaweza kuingia hata mapafuni. Mama akitibiwa sasa, mtoto anaweza kupita salama.

"Muniandikie dawa yake, nitamupelekea mwenyewe," nikasema.

"Apana, papa. Mi sitibu mutu mwenye sijamuona. Umulete. Na umuambie sababu gani unamuleta."

11 Machi

Mvua. Sijamwambia. Msikitini nilikaa kitini, na mbele ya macho yangu kulikuwa na macho mawili madogo ambayo bado hayajafunguka. Chupa mbili za maji. Nimezisomea kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

12 Machi

Leo sikuangalia mvua.

Nimefanya jambo la kijinga na nitaliandika lote. Asubuhi nilijisemea: kinachotakiwa ni dawa iingie tumboni, maneno si lazima. Famasi moja mjini walinipa vidonge viwili vya mwanamke mjamzito bila kuuliza kitu. Kabla ya magharibi, Wafa akiwa jikoni anatoa sambusa, nilivisaga kwa kijiko na kuvikoroga ndani ya juisi yake ya maracuja, tunda la pasheni, nikazidisha sukari. Nikajiona mwerevu.

Tukakaa mkekani. Yeye ameegemea ukuta, tumbo mbele yake. Ana kawaida moja: hafungui saumu mpaka aombe dua, na dua yake ni ndefu. (Dokta wa mimba alimruhusu kufunga siku mojamoja, na siku hizo huzithamini sana.) Adhana ikasikika. Akachukua tende mkono mmoja na gilasi mkono mwingine, akafumba macho, akaomba. Akamwombea mama yake, akamwombea mtoto. Kisha akasema: "Na umubariki baba yake, kama ulivyomubariki, na umuponyeshe goti yake iliyochoka kwa ajili yako."

Akainua gilasi.

"Usinywe hiyo," nikasema.

Akafumbua macho. "Kwa nini?"

"Iko kitu ndani."

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Gilasi akaiweka chini taratibu, mkono mwingine ukashika tumbo. Nikaelewa kwamba anadhani nimemtilia sumu, na kwamba sina haki ya kukasirika.

"Kitu gani, Yaseen?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Yako. Na ya mutoto."

Kisha nikasema yote. Ruziba, Nella, mara ya tatu, goti, mkojo, macho, macho ya mtoto. Nilisema vibaya, nikianza mwisho na kurudi mwanzo. Sambusa zikapoa. Tende ilikuwa bado mkononi mwake.

Nilingoja alie au anitukane. Hakufanya hata kimoja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mi nilijisifu na hii goti. Kwa wanawake wote. Niliwaambia niko na bwana analia mbele ya Mungu."

Hilo ndilo lililonivunja. Nililia mimi.

Akala tende. Akaomba maji, si juisi. Akauliza: "Huyo dokta anafungua saa ngapi?"

13 Machi

Mvua. Tumekwenda. Dokta Irène alimwingiza peke yake, mlango ukafungwa, nikakaa kwenye benchi nusu saa. Wafa akatoka amekwisha meza dawa mbele ya dokta. Tumepimwa sote pia magonjwa mengine ya njia hiyo, hatuna. Mpaka nimalize dawa nisimguse. Wafa akacheka kidogo aliposikia hivyo, na si kicheko cha kufurahi.

Ndani ya teksi alisema mambo mawili. La kwanza, nilale sebuleni. La pili: "Mambo ya nyumba yetu usitangaze. Lakini kile kiti urudishe, na maji ya watu usisome tena."

14 Machi

Mvua. Sebule.

15 Machi

Mvua. Sebule. Ameniachia futari mezani, amekula chumbani kwake.

16 Machi

Dokta alisema yule mwanamke mwingine naye lazima ajue. Nimempigia Nella. Nilitegemea matusi.

"We ndiyo unaniambia?" akasema. "Wengine hawapigake hata simu." Nikasikia maji ya ziwa nyuma yake na mtu akinadi samaki. "Niko na maumivu ya tumbo tangu mwaka jana, nilizani ni kazi ya kubeba. Nipe adresi ya huyo dokta."

Nikampa. Hatukuagana kwa jina. Sijui kama yule mwizi alitoka kwake kuja kwangu, au kuna mwingine nyuma yake asiyepigiwa simu na mtu.

17 Machi

Hakuna mvua. Nimemaliza vidonge. Haja ndogo haichomi, macho meupe. Goti bado.

Nikamfuata ami Obeid kabla ya alasiri, watu hawajajaa.

"Ami, hii goti si ya kusujudu. Ni ugonjwa, na niliutafuta mwenyewe. Usiniulize zaidi, niliahidi nyumbani. Nimerudisha kiti."

Alinitazama mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Aliyajua mengine yote, naona, kwa kunitazama tu. Kisha akaushika mgongo wa kile kiti, akakivuta, akakikalia yeye.

"Wacha ikae hapa basi," akasema. "Mi magoti yangu iliisha miaka mitatu. Niliona haya kuomba kiti mbele ya watu."

Miaka mitatu ametuongoza kwa kuvumilia kila sujudu, na mtu aliyepewa kiti ni mimi. Nilimsaidia kuweka mto vizuri mgongoni. Nami nikaenda safu ya mwisho, nikasali nimeegemea nguzo.

20 Machi

Idi. Mvua ilisubiri mpaka watu wamesali. Khadidja amekuja na chupa, nimemwambia Faatiha yake na yangu ni moja. Amekasirika.

Wafa amevaa gauni la kijani, amepokea wageni wote akitabasamu. Nilipopita na trei akaninong'oneza, "Goti inakauka?" Ni neno la kwanza kuniuliza kwa hiari yake.

2 Aprili

Mvua. Goti linakunjika nusu.

13 Aprili

Mvua. Wafa amepimwa tena. Hana kitu. Dokta Irène anasema bado tumchunge mtoto siku kumi na nne, kwa usalama.

14 Aprili

Mvua kubwa, saa nne asubuhi. Binti. Wafa amemwita Tahani, hakuniuliza, na jina ni zuri. Wamempaka dawa ya macho kama wanavyowapaka watoto wote. Alinitazama, au alitazama upande niliokuwapo. Niliogopa kumpumulia.

15 Aprili

Mvua. Siku ya kwanza. Safi.

18 Aprili

Siku ya nne. Wafa analala na mtoto kwenye godoro chini, mama yake ameagiza hivyo mpaka arobaini iishe. Kila asubuhi anafungua pazia kisha ananiita. Mimi nainama nikishika ukuta, goti limenyooka, naangalia kwa mbali. Yeye ananitazama nikiangalia.

19 Aprili

Siku ya tano. Kuna kitongo kidogo jicho la kushoto. Nilifika Mutanga Nord na mtoto na mama yake kabla dokta hajafungua. Ameosha kwa pamba, amefunua kope kwa kidole. "Ni tongo ya usingizi," akasema. "Murudi nyumbani." Wafa alikaa kwenye benchi, akashika mkono wangu, kisha akauachia.

21 Aprili

Siku ya saba. Aqiqa. Mvua. Safi.

24 Aprili

Siku ya kumi. Safi.

27 Aprili

Siku ya kumi na tatu. Safi. Sikuandika mvua, sikumbuki.

28 Aprili

Siku ya kumi na nne. Alfajiri ilikuwa inanyesha, kisha mawingu yakafunguka na mwanga ukaingia mpaka kwenye godoro. Wafa akaniita. Kutoka nilipokuwa, ukutani, sikuona vizuri.

"Apana huko," akasema. "Karibia."

Nikashusha goti la kushoto. Kisha, bila kufikiri, la kulia. Lilipiga kelele ndani, likakunjika, likagusa sakafu. Miezi miwili na zaidi halijagusa sakafu. Nilikuwa nimepiga magoti yote mawili, mikono chini, uso wangu karibu na uso wa Tahani, na yeye akafumbua macho yake. Meusi. Weupe wake ulikuwa mweupe hasa, na ndani ya weusi nikaliona dirisha, dogo sana, limekamilika. Nimesujudu tangu utoto na sijui kama niliwahi kusujudu kabla ya leo.

"Kushoto pia," Wafa akasema. "Angalia muzuri."

Nikaangalia kushoto.

29 Aprili

Mvua tangu saa kumi na moja. Nimeingia mwenyewe, nimefungua pazia, nimepiga magoti.

"Siku ziliisha jana," Wafa akasema.

"Najua."

Akanitazama nilivyoinama. Kisha akasogeza miguu yake, akanipa nafasi kwenye ncha ya godoro.